Kupungua Uzito kwa Chakula Utakachoendelea Kukila

Matangazo ya "pungua kilo 10 kwa wiki mbili" yamezoeleka kiasi kwamba hatuulizi tena hizo kilo zinatoka wapi. Ndugu na rafiki zangu wengi huingia kwenye mipango ya aina hiyo kila msimu wa harusi unapokaribia: hushinda na maji ya ndimu na tango, usiku hunywa chai ya sanamaki, na baada ya miezi michache hurudi palepale walipokuwa, pengine wakiwa wamezidi kidogo, huku wakijilaumu kwamba hawana msimamo. Naandika kwa ajili yao, kwa sababu wanajilaumu kwa jambo ambalo mwili wa binadamu yeyote ungelifanya.

Mwili huweka akiba ndogo ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na takribani gramu tatu za maji. Mtu anapoacha kula ghafla, akiba hiyo ndiyo inayotangulia kutumika, na maji yake hutoka kwa njia ya mkojo. Kwa hiyo kilo zinazoporomoka siku za mwanzo ni maji kwa sehemu kubwa, nazo hurudi mara tu anapokula wali au ugali wake kama kawaida. Sanamaki nayo hufanya kazi kwenye utumbo mpana, mahali ambapo chakula kimekwisha kufyonzwa, hivyo kinachotoka ni choo, maji na chumvi ambazo mwili unazihitaji, wala si mafuta ya kiunoni. Njaa kali ikiendelea, misuli nayo huanza kuliwa pamoja na mafuta, na anayepungua kwa kasi kubwa hujiweka katika hatari ya kupata mawe kwenye kifuko cha nyongo.

Kuna utafiti mmoja ambao huwa nausimulia kwa kila anayeniuliza. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, Ancel Keys na wenzake waliwalisha wanaume 36 waliojitolea chakula cha takribani kalori 1,570 kwa siku, kwa muda wa miezi sita, hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Vijana wale waliokuwa na afya njema walianza kuhisi baridi muda wote, wakawa wepesi wa hasira, wakawaza chakula mchana na usiku, na baadhi yao wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula, wapo waliokula kupita kiasi na bado wasihisi kushiba. Kiasi walichopewa kilikuwa kikubwa kuliko kinachoruhusiwa na mingi ya mipango ya haraka inayouzwa leo.

Hata hivyo, kwenda polepole peke yake si dawa, na ni haki niliseme hilo waziwazi. Utafiti uliofanyika Melbourne, Australia, na kuchapishwa mwaka 2014, uliwalinganisha watu waliopungua kwa wiki 12 na waliopungua kwa wiki 36. Baada ya takribani miaka mitatu, makundi yote mawili yalikuwa yamerudisha karibu asilimia 71 ya uzito waliopoteza. Kwangu mimi, maana yake ni kwamba faida ya mwendo wa taratibu, yaani nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, hupatikana pale tu ambapo chakula kilichokupunguza ndicho utakachokila mwakani na mwaka wa kesho kutwa.

Ndiyo maana mabadiliko yangu makubwa yalikuwa kwenye mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina takribani kalori 120, na anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu hawezi kujua ametia vijiko vingapi. Siku hizi napima vijiko viwili kwa sufuria nzima ya mboga. Kitunguu kikianza kushika chini naongeza maji kidogo badala ya mafuta, kisha natia nyanya na kufunika, nazo hutoa maji yake zenyewe na rojo hujitengeneza. Mume wangu na watoto waliendelea kula bila malalamiko, na hapo nikajua kwamba jambo hili litadumu nyumbani kwetu. Sukari ya chai niliishusha kijiko kimoja kimoja, nikiupa ulimi muda wa kuzoea, na maandazi ya asubuhi yakapisha viazi vitamu vya kuchemsha na yai. Ugali haukuondoka mezani. Ulipungua tu kwenye sahani, na mahali pake pakachukuliwa na mchicha, maharage au dagaa, ambao hushibisha na kusaidia kulinda misuli, hasa ukitembea kila siku.

Lengo lenyewe halina haja ya kutisha. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa karibu kupata kisukari waliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, na hatari yao ya kuugua ikashuka kwa asilimia 58. Kwa mwenye kilo 90, hizo ni kilo sita na kidogo.

Shangazi yangu aliponiona nimepungua aliniuliza kwa sauti ya chini kama naumwa, nami nikamjibu, "Shangazi, mimi ni mzima, nimepunguza mafuta na sukari tu." Swali lake lilikuwa la msingi. Anayekonda bila kubadilisha chochote anapaswa kwenda hospitali kupimwa kisukari, kifua kikuu na mengineyo. Vilevile, anayetumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu aonane na daktari kabla ya kubadilisha mlo, na mama mjamzito asijaribu kupungua kabisa.

Mizani napanda mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, kwa kuwa chumvi na siku za hedhi huweza kuongeza kilo moja au mbili za maji. Kiuno nakipima kwa futi ya fundi cherehani. Sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume ndiyo mipaka inayotumika sana. Vipimo vyote viwili vikigoma kwa mwezi mzima, nakumbuka kwamba mwili uliopungua unahitaji chakula kidogo kuliko ule wa awali, lakini kabla ya kugusa sahani naanza kukagua jikoni, maana mkono husahau kijiko upesi na kurudia kumimina.