Atafufuka akiwa mkubwa au mdogo?

Mwaka 2008 nilikuwa katekista wa Kikatoliki wa kigango kimoja katika milima ya Upare, na jioni moja niliitwa kwenye nyumba yenye makanisa matatu chini ya paa moja. Kule si jambo la ajabu. Wasabato wapo tangu 1903, wamisionari wa Kijerumani walipoanza kazi Giti. Walutheri wana dayosisi yao ya Pare. Wakatoliki wana Jimbo la Same. Katika nyumba ile mama mzazi alikuwa Mkatoliki, mumewe Mlutheri, na mama mkwe Msabato wa tangu utoto. Mtoto alikuwa amezaliwa mfu, mimba ikiwa imetimiza miezi minane. Maziko yalikuwa kesho yake asubuhi, na bado hawakuwa wamekubaliana nani aongoze sala, wala kama sala yenyewe ipo.

Ugomvi uliletwa na neno la shangazi wa mume: asiyebatizwa hafufuki. Nimelisikia neno hilo pengi, na Wakristo wa kila dhehebu hulirudia, ingawa katika makanisa yale matatu hakuna hata moja linalolifundisha. Linachanganya kufufuka na kuokoka. Yohana 5:28-29 inasema wote waliomo makaburini wataisikia sauti yake, nao watatoka. Wote, njia zinagawanyika baada ya hapo. Kuna andiko la karne ya 2 lenye jina la Athenagoras wa Athene ambalo linaijenga hoja kwa namna ninayoipenda: kama watu wangefufuliwa kwa ajili ya hukumu tu, vichanga wasingefufuka, maana hawana la kuhukumiwa, lakini nao wanafufuka, basi sababu kubwa ya ufufuo si hukumu, ni kwamba Mungu alimuumba mtu ili aishi. Nilimweleza shangazi hivyo bila kutaja jina la Athenagoras. Alinyamaza, ila sidhani kama alikubali.

Lililofuata lilikuwa suala la maji. Mkunga aliyemzalisha, mwanamke mcha Mungu, alikuwa amemmwagia mtoto maji na kutamka maneno, na familia ikataka kujua kama ule ulikuwa ubatizo. Hapo lazima uulize kwa utaratibu, kwa sababu jibu hutegemea mambo madogo. Kanuni ya 861 ya sheria za Kanisa inamruhusu mtu yeyote mwenye nia sahihi kubatiza wakati wa dharura. Maji yawe maji halisi, na yatiririke juu ya ngozi ya kichwa, si juu ya nywele au ule utando mweupe wa kuzaliwa peke yake. Anayemwaga ndiye anayesema, tena aseme maji yakiwa yanapita: "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Mara nyingi huharibikia hapo. Mmoja anamwaga, mwingine anasema. Au anayebatiza anapatwa na hofu, anamwaga maji kimya, maneno yanamjia baadaye. Mimba ikitoka ikiwa bado ndani ya kifuko chake, kifuko hupasuliwa kwanza ili maji yamguse mtoto mwenyewe. Kanuni ya 871 inataka hata vijusi vilivyotoka vibatizwe kadiri inavyowezekana, kwa sharti kwamba viko hai. Pakiwa na shaka, husemwa: "Kama u hai, nakubatiza."

Mkunga alikuwapo, nikamuuliza. Akasema mapigo ya moyo hayakusikika tangu kabla uchungu haujaanza. Basi shaka haikuwapo, na ubatizo haukuwapo. Sakramenti ni za walio hai.

Mama mzazi alilia upya aliposikia hivyo, na kilio cha namna hiyo ndicho kinachonifanya niyaelewe mambo ya Oberbüren. Huko Uswisi, katika eneo la Bern, mwishoni mwa karne ya 15, wazazi walipeleka watoto waliozaliwa wafu kwenye kanisa la Bikira Maria. Wanawake waliwalaza kati ya makaa na mishumaa inayowaka mpaka mwili upate joto, kisha wakaweka unyoya juu ya midomo. Unyoya ukitikisika, mtoto alihesabiwa kuwa amepumua. Alibatizwa haraka na kuzikwa penye ardhi iliyobarikiwa. Hewa ya moto inayopanda inatosha kabisa kuutikisa unyoya. Askofu wa Konstanz alipeleka malalamiko Roma mwaka 1486, ibada ile ikakoma Bern ilipopokea Matengenezo ya Kiprotestanti mwaka 1528, na wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi hapo kati ya 1992 na 1997 walikuta mabaki ya watoto wapatao 250. Watu wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wameambiwa kwamba mlango ni mmoja, nao umefungwa.

Mume akaniuliza, bila ukali, "Kwa hiyo, Mwalimu, ninyi mnampeleka limbo?"

Limbo, yaani hali ya nje ya mbingu iliyodhaniwa kuwa ya vichanga wasiobatizwa, haijawahi kuwa fundisho la lazima. Augustino, askofu na mwalimu wa Kanisa la kale, alisema vichanga wasiobatizwa hupata adhabu iliyo nyepesi kuliko zote. Walimu wa Zama za Kati wakailegeza zaidi, hata Thoma wa Akwino akaandika kwamba watoto hao hawana huzuni, kwa kuwa hawajui wanachokikosa. Na jambo ambalo watu husahau: hata waliofundisha limbo walifundisha kwamba watoto hao watafufuka na miili yao. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992 haitaji limbo kabisa. Namba 1261 inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu. Kisha Aprili 2007, mwaka mmoja tu kabla ya usiku ule, Tume ya Kimataifa ya Teolojia huko Vatikani ilitoa hati juu ya tumaini la wokovu wao, ikisema zipo sababu za kutumaini katika sala, si za kujua kwa hakika. Napenda uangalifu huo. Mume alisema kwao ni rahisi zaidi, na alikuwa na haki kwa sehemu. Mwaka 1542 Martin Luther aliandika faraja fupi kwa wanawake ambao uzazi wao umeharibika: kilio cha mama Mkristo juu ya mtoto wake ni sala hata kisipopata maneno, kama Warumi 8:26 inavyosema juu ya kuugua kusikoweza kutamkwa, na Mungu huisikia. Lakini katekisimu yetu, namba 1257, nayo inakiri kwamba Mungu hafungwi na sakramenti zake. Umbali kati yetu ni mfupi kuliko tunavyouhubiri.

Mume aliongeza Daudi, 2 Samweli 12:23: mimi nitakwenda kwake, lakini yeye hatanirudia mimi. Aya hiyo inafaa sana msibani. Sikupenda tu alipoongeza kwamba mtoto yule alikufa siku ya saba, yaani kabla ya kutahiriwa siku ya nane, kwa hiyo ni mfano kamili wa asiyebatizwa. Wahubiri wengi hulihesabu hivyo, lakini siku ya saba katika aya ya 18 yaweza kuwa ya ugonjwa, si ya umri. Hoja isitundikwe hapo.

Ndipo mama mzazi akauliza lake, na nyumba nzima ikageuka kumsikiliza. "Akifufuka atakuwa mkubwa au mdogo? Nitamtambuaje?"

Mama mkwe, bibi wa mtoto, ndiye aliyejibu, tena upesi. Kwa Wasabato wafu wamelala, hawajui neno lolote, mpaka Kristo ajapo. Na Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa lao, aliandika kwamba siku hiyo malaika watawachukua watoto wachanga na kuwaweka mikononi mwa mama zao. Kila mtu atatoka kaburini na kimo alichoingia nacho, kisha watoto watakua huko, kama Malaki 4:2 inavyosema juu ya ndama wa mazizini. Maneno hayo hayakuandikwa na mtu asiyejua msiba: mwanawe wa nne, John Herbert, alikufa mwaka 1860 akiwa na miezi mitatu hivi. Bibi alimwambia mkwewe, "Mwanangu, utampokea hivyo hivyo alivyo, utamnyonyesha."

Nilijua kwamba Augustino angepinga, na nilisita kama nimseme. Katika kitabu cha 22 cha kazi yake kubwa juu ya mji wa Mungu, aliyoimaliza karibu mwaka 426, anasema vichanga hawatafufuka na udogo wao. Watapokea mara moja, kwa kazi ya Mungu, kimo ambacho miaka ingewaletea polepole. Ahadi kwamba hautapotea hata unywele mmoja, Luka 21:18, inamhusu mtoto kwa namna ya pekee, kwa kuwa kimo chake kilikuwa tayari ndani yake hata kama hakijaonekana. Umri wa wote utakuwa kama miaka 30, umri wa Kristo, kwa kuifuata Waefeso 4:13. Thoma naye akashika njia hiyo: upungufu wa utoto na upungufu wa uzee vyote huondolewa. Upande wa hoja, Augustino ananishawishi zaidi, kwa sababu ufufuo unaomwacha mtoto akingoja kukua bado haujamaliza kazi yake. Upande wa mama mwenye maziwa yanayomuuma kifuani, bibi alikuwa amesema neno linalofaa, na Biblia haimkatazi kulisema. Nilisema Kanisa langu halijaamua kimo, wala halimzuii mtu kutumaini atamtambua wake. Nikaishia hapo.

Lakini mama hakuwa amemaliza. Miaka miwili kabla, mimba yake ya miezi miwili ilitoka. "Na yule wa kwanza?"

Kwa wahudumu wa afya mpaka uko wiki 28: kabla yake ni mimba iliyotoka, baada yake ni mtoto aliyezaliwa mfu. Teolojia nayo iliwahi kuwa na mpaka, ila wa namna nyingine. Tafsiri ya Kigiriki ya Kutoka 21:22-23 hutofautisha kijusi kilichokwisha kupata umbo na ambacho bado. Mwanafalsafa Aristotle aliweka siku 40 za kupata umbo kwa mwanamume na 90 kwa mwanamke, na Thoma akamfuata. Tofauti hiyo ilibaki katika adhabu za sheria za Kanisa hadi Papa Pius IX alipoiondoa mwaka 1869. Augustino alikuwa amekwisha kuuliza swali la mama yule karibu mwaka 421. Alisema watu huelekea kufikiri kwamba kijusi kisicho na umbo hupotea kama mbegu isiyoota, lakini nani atathubutu kukana kwamba ufufuo utakijaza kilichopungua? Aliyeishi aliweza kufa, na aliyekufa atafufuka, popote kifo kilipomkuta. Mahali pengine anakiri kwamba hathubutu kuthibitisha wala kukana. Ila haoni kwa nini wahesabiwe kati ya wafu halafu waondolewe kati ya wanaofufuka. Bibi alisema imani za msingi za kanisa lake zimekaa kimya juu ya hilo, na akakaa kimya naye.

Ruhusa ya maziko ya Kanisa ilikuwa rahisi kuliko walivyodhani. Kanuni ya 1183 inamwachia askofu kuruhusu mazishi ya mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza, na paroko alikuwa nayo. Kitambaa cheupe hatukumfunika, kwa kuwa ni ishara ya ubatizo. Mzee wa kanisa wa Kilutheri alisoma 2 Samweli. Shangazi aliona kwamba sala ya mwanzo haimwombei mtoto, inawaombea wazazi faraja, akaniuliza kwa nini. Nikamwambia hana dhambi yake mwenyewe ya kuombewa msamaha, wenye haja ni sisi. Yule wa miezi miwili hana sala yake katika kitabu nilichokuwa nacho. Katika maombi ya waamini katekista huachiwa maneno yake, kwa hiyo nilimtaja hapo, mara baada ya mdogo wake.