Kwanza niambie nani yupo nyumbani mchana

Jumapili, Uyole. Baridi ya mwezi wa sita imeshaingia, mbwa wote wamejikunja kwenye blanketi moja, na mi nimekaa na simu najibu meseji za wiki nzima.

Meseji nyingi zinafanana. Dada habari, nimesikia unatoa mbwa wa manyoya wale wadogo wa ndani, mi nataka mweupe, jike, ni bei gani. Najibu kwamba siuzi, natafutia nyumba mpya mbwa walioachwa, afu nauliza swali langu la kwanza siku zote: nani yupo nyumbani mchana? Wengi hapo wananyamaza. Siwalaumu, maana mtu ameona picha ya mbwa mzuri, hakutegemea kuulizwa ratiba ya familia yake.

Ila mi najua hawa mbwa wanavofika kwangu. Mbeya ni mji wa watu wa uhamisho, mtumishi analetwa, mfanyakazi wa benki analetwa, mwingine kaja kwa biashara ya dhahabu Chunya, anatoka Dar na Maltese au Chihuahua wa watoto, miaka miwili mbele uhamisho mwingine unatoka, mtoto kaenda bweni, mbwa ameanza kukohoa au kuchechemea, basi anaachiwa mlinzi. Na mlinzi anampa ugali na dagaa kwa moyo wote, lakini hakuna aliyemwambia huyu mbwa anaumwa nini, kwa sababu hata mwenye mbwa hakuwahi kuuliza. Unakuta mtu alinunua kwa hela nyingi, ila hajui kama mbwa wake amechanjwa kichaa.

Madaktari wetu wa mifugo huku nawaheshimu sana, ila ukanda huu ni wa ng'ombe wa maziwa, daktari siku yake nzima yuko kwenye mazizi ya Rungwe na Uyole, anapandisha, anatibu homa za kupe. Ukimpelekea Shih Tzu wa kilo tano mwenye macho mabovu anakutibia vizuri anachokiweza, kingine anakwambia ukweli kwamba hicho kipimo hana, uende Morogoro kwenye hospitali ya wanyama ya SUA, chuo kikuu cha kilimo, au ushuke Dar. Nampenda daktari anayesema hivo.

Leo nataka niandike habari za Tausi, maana ndo ameondoka jana kwenda nyumba yake mpya na bado kichwa changu kiko kwake.

Tausi ni Shih Tzu, alikuja macho yamegandana. Sio tongotongo za asubuhi, ni ute mzito wa njano na kijani, umeshika kope mpaka manyoya, na jicho lenyewe halina ule mng'ao wa maji, limefifia kama kioo chenye vumbi. Kule alikotoka walikuwa wanamsafisha kwa majani ya chai na kumwekea dawa ya matone ya binadamu iliyobaki kabatini. Hapa naomba nisimame kidogo. Matone ya dukani mengine yana steroidi ndani, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe, deksamethasoni mara nyingi, na mbwa akiwa na kidonda kwenye kioo cha jicho, ule utando angavu wa mbele, ile dawa inazidisha kidonda mpaka jicho linaweza kutoboka. Hawa wa pua bapa macho yao yamejaa nje, ni rahisi kuchubuka. Kwahiyo usiweke tone lolote kabla jicho halijaangaliwa kama lina kidonda, tafadhali.

Shida yake inaitwa macho makavu. Yaani kinga ya mwili wake mwenyewe inashambulia tezi za machozi, maji yanakatika, unabaki ute peke yake, ndo maana watu wanadhani ni maambukizi tu, wanapewa antibayotiki, linatulia wiki, linarudi. Kipimo chake ni rahisi kuliko unavodhani, ni karatasi nyembamba inachomekwa kwenye kope la chini dakika 1, machozi yanapanda kwenye karatasi, jicho lenye afya linalowesha milimita 15 au zaidi. La Tausi la kushoto lililowesha kidogo sana, karatasi ilitoka karibu kama ilivoingia. Nilikuwa nimemshika kifuani na hakukwepa, jicho lilikuwa limeshazoea kuumia.

Dawa yake ni mafuta ya siklosporini, inatuliza ile kinga ili tezi zifanye kazi tena, inapakwa asubuhi na usiku, na katikati unamwekea machozi ya kutengeneza, hayo yapo famasi za kawaida. Siklosporini naagizia Dar, inakuja kwa basi. Inachukua wiki kadhaa mpaka uone tofauti, na watu wengi wanakata tamaa hapo katikati. Halafu ukiona macho yameng'aa ukaacha, yanakauka tena, na kila yanapokauka kioo kinaota weusi, weusi ukifunika ndo upofu. Ni dawa ya maisha. Hakuna likizo.

Sasa mbwa mwenye ugonjwa wa hivo unampeleka nyumba gani?

Kuna familia ya mjini walimtaka sana, watu wazuri, geti zuri, bustani, watoto wenye adabu wakanipa shikamoo mmoja mmoja. Nilipouliza ratiba nikakuta baba na mama wanatoka saa kumi na mbili asubuhi, watoto wanarudi na basi la shule jioni, anayebaki ni dada wa kazi, ana mtoto mchanga wa kumbeba na anapikia mkaa jikoni mlango umefungwa kwa ajili ya baridi. Moshi wa mkaa kwa jicho lisilo na machozi ni mateso. Na yule binti kazi zake tayari zinamzidi, leo atapaka kesho atasahau, na hatakuwa na kosa. Nikawaambia hapana kwa Tausi. Mama alikasirika kidogo, akasema sisi tunampenda kuliko hao unaowatafuta. Namwamini kabisa kwamba wanampenda. Ila jicho linataka mtu saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na machozi katikati, kila siku, na kwenye nyumba ile hakukuwa na mtu wa kuzishika saa hizo zote.

Kuna mwingine wa Iringa alinifurahisha mpaka aliponiuliza, bado anazaa? Swali hilo naulizwa na kila mtu wa tatu hivi. Hapana, kwangu hakuna mbwa anayetoka hajafungwa kizazi. Hawa wa pua bapa wenyewe kuzaa ni shughuli, kichwa cha mtoto ni kikubwa na nyonga ya mama ni nyembamba, wengi wanaishia kupasuliwa, na huku nani atampasua usiku wa manane? Na haya matatizo yanatembea kwenye ukoo. Ukizalisha jike mwenye goti linaloteguka unawauzia watu sita magoti mabovu. Goti lile utalijua, mbwa anakimbia, ghafla anakunja mguu mmoja wa nyuma, anaruka hatua mbili tatu kwa mitatu, afu anaushusha anaendelea, watu wanacheka wanasema anacheza. Hachezi, kile kisahani cha goti kimetoka kwenye mfereji wake.

Basi akatokea bibi mmoja wa Tukuyu, mwalimu mstaafu. Alipewa namba yangu na mtu wa kanisani kwake. Nilimuuliza swali langu akacheka, akasema mwanangu, mimi nitakuwa wapi zaidi ya hapa barazani? Afu akasema yeye mwenyewe ana presha ya macho, ana matone yake asubuhi na usiku, alarmu ya simu inalia, mjukuu ndo aliyeiweka. "Nikijiwekea mimi na yeye namwekea, si ndo hivo tu?"

Ndo hivo tu, bibi.

Nilienda kupaona kwanza, siku zote naenda. Anapikia gesi, jiko la kuni liko nje nyuma ya nyumba. Na Tukuyu yenyewe nilishaifikiria, mvua karibu mwaka mzima, majani kila mahali, huwezi kuilinganisha na Uyole kwenye mwezi wa tisa upepo unapobeba vumbi la mashamba mpaka unalitafuna. Ubaridi hauna shida kwake, hawa wa pua fupi adui yao ni joto, kwa sababu mbwa anajipoza kwa kuhema na wao njia ya kuhemea imebanwa, Dar mwezi wa pili wanateseka kweli. Nyanda za juu zinawafaa vifua vyao. Tukishaondoa moshi na vumbi.

Nilimwonyesha kila kitu mbele ya mjukuu. Kichwa unakiinua kidogo, kope la chini unalivuta kwa kidole gumba, mafuta kiasi cha punje ya mchele, usimguse jicho na ncha ya tyubu. Usimshike kwa ngozi ya shingo hata siku moja, macho ya Shih Tzu yanaweza kuchomoka ukimvuta vibaya. Asivae kola shingoni, avae mkanda wa kifuani. Diklofenaki na brufeni zako, bibi, weka juu, hizo zinaua mbwa mdogo. Manyoya ya usoni unapunguza yasimchome. Nimeandika yote kwenye karatasi kubwa kwa maandishi ya kusomeka, nikamwambia na ile habari mbaya pia, kwamba jicho la kushoto linaweza lisirudi lote, na siku akishindwa kwa sababu yoyote, kuumwa au kusafiri, asimpe mtu, anipigie mimi hata usiku.

Huwa naona watu wanaogawa mbwa wakificha ugonjwa ili achukuliwe haraka. Mi naanza na ugonjwa. Anayebaki kwenye simu baada ya kusikia ugonjwa wote ndo tunaendelea kuongea, na bibi alibaki, tena akauliza maswali ambayo sikuyategemea, kama mbwa atakuwa anaona usiku, kama taa ya barazani iwashwe.

Jana nimempeleka. Bibi aliponisindikiza kwenye Noah akanipa ndizi mkungu mzima na "ndaga fijo" nyingi, asante sana za Kinyakyusa, mi nikawa nalia kwenye kiti cha nyuma, siwezi kusema uongo. Huwa nalia kwa kila mmoja. Leo asubuhi saa mbili na robo mjukuu akatuma picha, jicho linang'aa kwa mafuta, karatasi yangu imebandikwa ukutani pembeni ya kalenda ya kanisa.

Tyubu moja kule inamtosha kama mwezi, kwahiyo nyingine lazima niagize wiki hii isije ikakatika. Na Alhamisi napokea Dachshund kutoka Makambako, wale warefu wa miguu mifupi, ana shida ya mgongo, miguu ya nyuma ilishawahi kulegea akatibiwa ikarudi. Mbwa wa mgongo wa hivo harukii kochi wala hapandi ngazi, na kwangu mlangoni kuna ngazi tatu. Fundi kaahidi kuja kesho na mbao za kuweka mteremko. Nimemwambia dereva ambebe kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, asimnyanyue kwa makwapa, na amenirudia maelekezo yote kwa simu bila kukosea.