Ufunguo wa stoo saa nane usiku

Mimi ni tabibu, na kutibu nakupenda. Chuoni tulikuwa na somo la uongozi, kweli lilikuwepo, tukalisoma kwa ajili ya mtihani likapita. Kisha baada ya miaka kadhaa ya kazi ikaja barua kwamba nimeteuliwa mganga mfawidhi wa kituo cha afya, kwa sababu natibu vizuri. Ndivyo inavyokuwa kwetu, anayetibu vizuri anakabidhiwa ofisi, mhuri na mafaili, na kesho yake anaanza kusaini vocha, kupanga zamu, na kumwambia mtu wa umri wa mama yake kwamba wiki hii umechelewa mara tatu.

Naandika haya kwa ajili ya usiku mmoja ambao sijausahau mpaka leo.

Ilikuwa inakaribia saa nane, mvua inanyesha. Mama wa uzao wa nne kajifungua vizuri, mtoto analia, kondo limetoka lote, halafu damu haikati. Sista wa zamu anafungua trei ya dharura, ampuli ya oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ili damu ikate, imebaki moja, anachoma, damu inapungua, inarudi tena. Kwenye friji la stoo zipo, najua zipo maana wiki ile ile nilisaini kupokea mzigo wa MSD, bohari ya dawa ya serikali, kwa mkono wangu. Ila stoo imefungwa na ufunguo anao mtunza stoo, kwake ni ng'ambo ya mto, na simu yake haipatikani. Mhudumu wa usiku akatoka mbio na mvua yake kuufuata. Sista akaendelea kukanda tumbo, tukatundika dripu mikono yote miwili, tukampa vidonge vya misoprostoli, navyo vya kukata damu, ambavyo kwa bahati vilikuwepo leba, na Mungu ni mwema damu ikakata. Ufunguo ulifika tumeshamfunika yule mama shuka safi.

Asubuhi nilikuwa nimechoka na nina hasira, natafuta wa kumgombeza. Nikakaa nikajiuliza, nani sasa? Mtunza stoo alifunga stoo, ndio kazi yake, dawa ni mali ya umma. Sista alifanya kila alichofundishwa, mhudumu alikimbia kwenye matope, na dawa zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kupanga usiku ufunguo unakaa wapi na leba inatakiwa kuwa na ampuli ngapi, na mtu huyo ni mimi.

Miezi michache baadaye nikaitwa kwenye mafunzo ya 5S-KAIZEN, njia ya kupanga na kuboresha sehemu ya kazi kwa hatua tano. Kaizen ni neno la Kijapani, kuboresha kidogo kidogo bila kuacha, na mambo haya yalikulia viwandani huko Japani. Hospitali ya akina mama ya Castle Street, Colombo, Sri Lanka, ikayachukua ikaonyesha kwamba hata hospitali ya serikali yenye hela ya kubana inaweza, na sisi Tanzania tukaanzia hospitali ya rufaa ya Mbeya mwaka 2007 kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani. Ukienda hospitali nyingi utakuta zile S tano zimebandikwa ukutani: Sasambua (toa usichohitaji), Seti (panga kila kitu mahali pake), Safisha, Sanifisha (weka utaratibu mmoja kwa wote), Shikilia (usiache). Watu wengi wanaona ni mambo ya usafi, na mimi nilienda nikiwa na wazo hilo hilo.

Siku ya kwanza mwezeshaji akasema kila mtu aandike tatizo moja, si la wizara, si la mishahara, la kituoni kwake, ambalo Jumatatu akirudi anaweza kuligusa. Nikaandika ufunguo. Akatuchoresha mfupa wa samaki, kichwa ndio tatizo, miiba ndio sababu, halafu tukaanza kuulizana kwa nini. Kwa nini dawa ilichelewa? Ufunguo haukuwepo. Kwa nini? Anao mtu mmoja. Kwa nini mmoja? Kwa sababu zamani wa pili ulipotea, na vitu vikapotea. Kwa nini baada ya hapo haukuwekwa utaratibu mwingine? Hapo nikanyamaza. Na kwa nini leba ilikuwa na ampuli moja? Kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa akahesabu leba inatumia ngapi kwa wiki, tunachukua kwa kukadiria tu. Yaani pale pale kwenye kiti nikaona kitu ambacho nimekipita kila siku.

Niliporudi hatukuomba hela kokote. Tuliita kikao, wote, mpaka mlinzi na mama wa usafi, maana mama wa usafi ndiye aliyetuambia kwamba friji dogo la chumba cha nyuma bado linafanya kazi. Likahamia leba, likawekewa kipimajoto na karatasi ya kujaza asubuhi na jioni, kwa sababu oksitosini inataka nyuzi 2 mpaka 8. Sanduku la dharura likabandikwa orodha kwenye mfuniko, anayeingia zamu anahesabu na anasaini. Ufunguo wa pili ukachongwa ukaingia kwenye bahasha iliyofungwa kwa gundi na kusainiwa juu ya mfuniko, anayeichana usiku anaandika jina, saa na alichotoa, asubuhi mtunza stoo anahesabu na kufunga bahasha mpya. Mzee wetu wa stoo mwanzoni alikataa kabisa, akasema mwanangu kikipotea kitu naulizwa mimi, na alikuwa na haki. Tukakubaliana sahihi yangu iwe ya kwanza kwenye ile bahasha, kikipotea tunaulizwa wote wawili.

Stoo yenyewe kuisasambua ilituchukua muda mrefu. Kulikuwa na mizani mbovu, kitanda hakina magurudumu, mabango ya kampeni zilizopita zamani, na dawa zilizoisha muda zimekaa nyuma ya maboksi ya glavu. Hivi huwezi kutupa tu, dawa zilizoisha zina utaratibu wake wa kuteketezwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, lazima wahusike, na samani chakavu mpaka halmashauri waridhie zifutwe kwenye vitabu. Lakini zilipotoka tukapata nafasi ya kupanga rafu vizuri, inayowahi kuisha muda inakaa mbele, na leja ikaanza kulingana na kilichopo.

Kuna habari moja huwa naisimulia kila nikipata watu wa kunisikiliza, ya TEHIP, mradi wa wizara ya afya na IDRC, kituo cha utafiti wa maendeleo cha Canada, uliofanyika Rufiji na Morogoro miaka ya tisini mwishoni. Timu za afya za wilaya walipewa njia ya kuona wilaya yao inaumwa nini na hela yao inaenda wapi, kwa michoro ambayo hata asiye mtu wa takwimu anaielewa. Morogoro malaria ilikuwa inakula kama 30% ya miaka ya uhai inayopotea kwa watu kufa mapema, na kwenye bajeti ilikuwa inapata 5%. Hakuna aliyekusudia, ni yale mazoea ya kuchukua bajeti ya mwaka jana na kuongeza kidogo. Walipoona wakahamisha hela kwenye malaria na magonjwa ya watoto. Kulikuwa na nyongeza ya dola mbili kwa kila mwananchi kwa mwaka, wakaweza kutumia kama senti 80 tu, na vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya 40% ndani ya miaka michache. Senti 80! Nikiisoma hii nasisimka kila mara, kwa sababu waliofanya hivyo ni watu wa wilaya kama sisi, walionyeshwa namna ya kuangalia.

Na sasa hivi mzigo umeshuka mpaka chini kabisa. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 hela za mfuko wa pamoja wa afya, unaochangiwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, jambo zuri sana, lakini maana yake muuguzi wa zahanati aliyesomea kuzalisha ndiye anayeandaa mpango, anafuata taratibu za manunuzi na kujibu hoja za mkaguzi. Naomba sana wanaopanga mafunzo wasiite mtu mmoja mmoja. Mkiniita mimi peke yangu siku tano hotelini, nikihamishwa nimeondoka na kila kitu. Waiteni watatu, mfawidhi, wa stoo na wa leba, halafu mtufuate kituoni baada ya miezi miwili mkaangalie karatasi ya friji kama bado inajazwa. S ya tano, Shikilia, ndipo tunapoangukia. Kwetu yule mzee alipostaafu wiki tatu nzima bahasha haikubadilishwa na mimi nilikuwa kwenye vikao vya bajeti sikuona, aliyeona ni sista.

Mtunza stoo mpya ni binti mdogo, ameripoti mwaka huu. Jana asubuhi nimemkuta mezani ana bahasha iliyochanwa, anahesabu ampuli moja moja kwa kidole, kwenye karatasi pameandikwa saa 8:40 usiku, oksitosini kumi, kupeleka leba, na jina la sista. Akanyanyua kichwa akaniambia dokta njoo usaini, gundi inakauka.