Bibi na wapanda mbwamwitu

Juzi binti yangu kanisogezea simu: "Mama, mbona hawa wanawake wanawinda wamevaa vinguo vya kuogelea?"

Nikatazama. Macho makubwa kama visosi, masikio ya ncha, mbwamwitu kila kona. *ElfQuest*! Kitabu cha katuni cha vijitu vya msituni vinavyopanda mbwamwitu. Wendy Pini ndiye aliyeichora, akiitunga pamoja na mumewe Richard, tangu 1978. Swali la binti ni la haki. Na hilo la nguo ni dogo: kiongozi wao, Cutter, anamwona Leetah mara ya kwanza tu, anambeba juu ya mbwamwitu na kutoweka naye. Hayo ndiyo mapenzi, eti.

Nakala yangu niliinunua zamani kwa wauza vitabu wa chini, mtaa wa Samora, Dar es Salaam, rangi zimepauka na kurasa za mwisho zimenyofolewa. Likizo nikaenda nayo kwa Bibi. Usiku, yeye anapukuchua mahindi, mimi kando ya koroboi namfasiria. Alipofika huyo Leetah, Bibi aliguna: "Mwizi wa watoto wa watu."

Lakini kabla ya hapo kuna binadamu wanauchoma moto msitu wao. Picha imejaa ndimi za moto, vijitu vinakimbia. Bibi akaacha kupukuchua. Gunzi mkononi.

"Waliondoka na nini?"

Sikuwahi kujiuliza. Nikasogeza kitabu kwenye mwanga, nikatafuta mizigo. Sikuona wa maana.

"Na mbwamwitu wao, Bibi."

"Basi afadhali." Akaligeuza lile gunzi, akaliangalia kama lina maandishi. "Sisi mwaka ule tunahamishwa, kuku tuliwaacha. Wakawa wanalifuata lori."

Mimi nilidhani Bibi kazaliwa pale pale, chini ya mwembe ule. Nilitaka kuuliza lori gani, kutoka wapi. Akanipiga kumbo: "Soma, mafuta yanaisha."

Nikasoma. Zimwi likawapitisha kwenye handaki, likawafungia njia nyuma yao, wakajikuta jangwani. Huko ndiko waliko huyo Leetah na watu wake. Halafu kurasa zikaisha, Bibi bado ananitazama.

Basi nikafumba kitabu, nikaendelea kwa kichwa. Nikasema walirudi kwao, wakakuta miti imeota upya, mirefu kuliko ya zamani.

Bibi alipuliza koroboi.

"Hapo umetunga wewe," alisema gizani.