Kofia ya Kagnew na ugomvi wa bendera

Kwenye karakana ninayofanyia kazi hapa Marekani, kofia za askari wastaafu ndizo zinazotuweka mjini. Za Vietnam na Korea michoro yake imo tayari kwenye mashine ya kudarizi, nabonyeza tu. Ya Kagnew Station, kituo cha zamani cha jeshi la Marekani, sikuwa nayo.

Mzee aliyeagiza alikuja na beji yake ya zamani: kucha za tai zimeshika radi mbili, alama ya Army Security Agency, wale askari wa kunasa mawasiliano. Kagnew ilikuwa Asmara, mita kama 2,300 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo redio za mbali zinasikika vizuri. Wamarekani waliingia mwaka 1943 kwenye kituo cha redio cha wanamaji wa Italia, wakafunga virago 1977. "Mlikuwa mnamsikiliza nani, mzee?" Akacheka, akarudi kwenye bei.

Zile radi zilinitoa jasho. Ncha zake nyembamba: ukijaza nyuzi nyingi kitambaa kinakunjamana, ukipunguza, rangi ya kofia inachungulia. Herufi ndogo ndiyo usiseme, tundu la "e" linaziba kabisa. Na kofia haidariziwi kuanzia pembeni. Unaanza katikati ya paji ukitanua, la sivyo inavutwa upande mmoja.

Tulipishana kwenye bendera. Yeye alitaka ya Ethiopia ya enzi zake, yenye simba. Nikasita. Asmara leo ni mji mkuu wa Eritrea. Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, alilivunja shirikisho la Ethiopia na Eritrea mwaka 1962, na vita vya ukombozi vikaendelea hadi 1991. Tuna wateja Waeritrea, na bendera ile kwao si pambo. Lakini mzee naye ana lake: alipokuwa kule palikuwa Ethiopia, na hata jina Kagnew ni la vikosi vya Ethiopia vilivyopigana Korea.

Nikamshauri tuandike "Asmara, 1943–1977" basi, bendera tuiache. Mji haukuhama, waliobadilika ni watawala. Akagoma: kichwa chake, kofia yake. Nikamdarizia simba wake, manyoya na taji.

Aliagiza na fulana, na hapo alinikubalia. Kifuani Asmara na miaka, begani zile kucha, basi. Fulana imetoka nzuri kuliko kofia, hata kama anayesema ni mimi.