Picha za kanga zisimalize bando la mteja

Simu nyingi siku hizi hupiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000, na faili lake hufika MB 3 hadi 5. Duka la mtandaoni likipanga kanga 20 kwenye ukurasa mmoja kwa picha kama zilivyotoka kwenye simu, mteja anapakua MB 60 hadi 100 kabla hajachagua hata doti moja. Bando ni lake. Na kama seva inalipiwa kwa data inayotoka, mwenye duka naye anakatwa.

Wengi hukimbilia kubana ubora. Anza na vipimo. Skrini ya simu nyingi ina upana wa takriban pikseli 360 kwa hesabu ya kivinjari, na kila moja ya hizo hubeba pikseli halisi 2 au 3 za skrini. Picha inayojaza upana wote basi inataka pikseli 720 hadi 1080 tu. Ukiishusha hadi 1080 kwa 810, umebaki na kama sehemu moja ya 14 ya pikseli, na ubora hujaugusa. Simu nayo inapumua: picha ya pikseli milioni 12, hata ukiibana hadi KB 300, ikifunguliwa hula MB 48 za kumbukumbu, kwa kuwa kila pikseli huchukua baiti 4.

Kwa ImageMagick 7, programu ya kubadili picha kwa amri za kuandika, na cwebp, inayotoa picha za aina ya WebP:

magick kanga.jpg -auto-orient -resize 1080x kanga.png
cwebp -q 75 -sharp_yuv kanga.png -o kanga.webp

Usiruke -auto-orient. Simu ikishikwa wima, mara nyingi huhifadhi picha ikiwa imelala na kuandika pembeni tu kwamba igeuzwe. Cwebp huyatupa maandishi hayo, na kanga inalala ubavu. Kuyatupa kuna heri yake, maana humo ndimo panapoweza kuandikwa hata mahali hasa ilipo nyumba ulikopigia picha.

Kanga ina taabu yake nyingine: jina. WebP ya kubana kwa kupoteza huhifadhi sampuli moja ya rangi kwa kila pikseli 4. Kwenye uso wa mtu huoni kitu, lakini herufi nyekundu juu ya buluu huchuja kingoni kama kitambaa kilichofuliwa vibaya. Kupandisha -q, yaani ubora, hadi 95 hakutibu, faili linanenepa tu. Ile -sharp_yuv husaidia sana. Ikishindikana, toa JPEG yenye rangi kamili:

magick kanga.png -sampling-factor 4:4:4 -quality 80 kanga-jina.jpg

Mteja hununua jina kama anavyonunua pindo na mji, kwa hiyo jina lisomeke.

Kwenye ukurasa, andika width na height (upana na kimo) za kila picha, la sivyo maandishi yataruka picha ikifika na mteja atabonyeza kitufe asichokusudia. Picha za chini zipe loading="lazy", zisipakuliwe hadi mteja azikaribie; ya kwanza kabisa usiipe, utaichelewesha ile inayosubiriwa. Ukitumia srcset, orodha ya mafaili ya picha ileile yenye upana tofauti, andika na sizes, yaani upana ambao picha itachukua kwenye ukurasa: bila hiyo kivinjari hudhani picha inajaza skrini nzima, na kwenye kompyuta kitachukua faili kubwa kwa kijipicha kidogo.

Picha asilia ihifadhi kando. JPEG hupoteza kidogo kila inapobanwa upya, na kilichopotea hakirudi.