Mbona Mbuzi Hawajafa?

Masika ya 2005 baba alinunua magunia matatu ya chenga za mahindi kutoka Mokowe. Zilikuwa zimeshaanza kuvunda, ndiyo maana alizipata kwa nusu ya bei. Akazianika darini, akazipepeta mpaka ule ukungu wa waridi ukapotea. "Jua ni dawa," alisema. Sikumbishia, jua hilo hilo ndilo lililokuwa likitukaushia papa.

Tulikuwa na punda wawili wa kubeba mawe na mchanga, na mbuzi watano wa mama. Wote walilishwa chenga hizo karibu mwezi mzima.

Asubuhi moja, baada ya swala ya alfajiri, nikamkuta punda wetu mmoja, Kaskazi, ameegemeza paji la uso ukutani, kama mtu anayesukuma mlango. Nilipomvuta alianza kuzunguka upande mmoja tu, kushoto, kushoto, mdomo umelegea, majani yakimdondoka bila kutafunwa. Nikampungia mkono jichoni, hakupepesa. Jirani akasema kapigwa na pepo. Mama akaandikisha kombe, zile aya za Kurani zinazooshwa kwa maji mgonjwa akayanywa, lakini Kaskazi hata kumeza hakuweza, ikabidi tumnyunyizie tu. Keshoye, kabla ya adhuhuri, akafa.

Daktari wa mifugo alimpasua fuvu palepale uani, mimi nimeshika beseni. Laiti nisingetazama. Ndani ya ubongo, mahali panapopaswa kuwa peupe, palikuwa na tundu lenye ujiuji wa manjano.

"Mlimlisha mahindi yenye kuvu?"

Baba akapandisha sauti. Mwaka uliotangulia tulisikia redioni habari za mahindi yaliyoua watu zaidi ya 100 huko Makueni, Kitui na kwingineko. Kwake yeye, sumu ni sumu, haichagui. "Mbona mbuzi hawajafa?"

Daktari akamweleza taratibu. Iliyoua kule ni aflatoksini. Hii ni fumonisini, ya kuvu jingine kabisa, ambalo huweza kuingia tangu hindi li shambani. Mbuzi huistahimili, punda na farasi ndio huharibika ubongo. Jua hukausha kuvu, sumu ikabaki. Dawa haina.

Baba hakujibu. Magunia yaliyobaki tuliyafukia jioni ile. Punda wa pili alikuwa amekula chenga zile zile, na kila alfajiri, kabla ya kumtwika shogi, baba alimpungia mkono jicho la kulia, kisha la kushoto, akangoja apepese. Aliendelea hivyo mpaka mwezi wa Ramadhani ukaandama.